Balbu za taa kubwa na taa ndogo za gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu magari ya volti 12, hasa yale ya Japani yaliyoingia yakiwa yametumika. Malori na mabasi ya volti 24 yana balbu zake, na yametajwa pale inapobidi. Tunasema dimu kwa mwanga wa karibu na fuli kwa mwanga wa mbali, kama gereji zinavyosema.

Nitajuaje gari langu linatumia balbu gani?

Itoe iliyomo, usome kitako chake. Kwenye chuma au plastiki ya kitako kumeandikwa kitu kama "H4 12V 60/55W" au "H11 12V 55W". Kama maandishi yamefutika, peleka balbu yenyewe dukani, hata kama imeungua. Usiende na jina la gari peke yake. Magari mawili ya modeli moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana: moja lilitoka kiwandani na halojeni (balbu ya kawaida yenye uzi), lenzake lilinunuliwa na zenoni (balbu isiyo na uzi) kama nyongeza. Tena gari lililotumika huenda lilishabadilishwa taa nzima baada ya ajali, na taa iliyowekwa ikawa ya toleo jingine. Kitabu cha gari hakijui hayo.

Angalia pia pande zote mbili. Si ajabu kukuta kulia kuna balbu ya kawaida na kushoto kuna ya bluu, kila moja imewekwa na fundi wake.

H4, H7, H11, HB3: zinatofautiana nini?

Hizo herufi na namba zinaeleza umbo la kitako, idadi ya nyuzi ndani ya balbu, na mahali uzi ulipo kutoka kwenye kitako. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Rifrekta ya taa, yaani lile bakuli la ndani linalong'aa na kurusha mwanga mbele, imechongwa ikitegemea uzi ukae mahali pamoja tu. Ukisogea milimita moja, mwanga unakwenda kwingine.

H4 ina nyuzi mbili, dimu wati 55 na fuli wati 60, na miguu mitatu bapa nyuma. Ukiitazama vizuri utaona kikombe kidogo cha chuma chini ya uzi wa dimu. Kikombe hicho kinazuia mwanga usipige nusu ya chini ya rifrekta, na ndicho kinachofanya dimu isimpofushe anayekuja mbele. H7 ina uzi mmoja wa wati 55 na miguu miwili, kwa hiyo gari la H7 lina balbu moja ya dimu na nyingine ya fuli. H1 nayo ni ya uzi mmoja, nyembamba, mara nyingi iko kwenye fuli. H11 ni wati 55, kitako cha plastiki kilichopinda, hufungwa kwa kuzungushwa robo mzunguko na ina mpira wa kuzuia maji. H8 na H16 zinafanana nayo sana lakini ni wati 35 na 19, kwa taa za ukungu. HB3, ambayo maduka mengi huita 9005, ni wati 60 na ni ya fuli. HB4, yaani 9006, ni wati 51 na ni ya dimu.

Kuna fundi atakayekuambia H9 inaingia kwenye soketi ya H11 ukiikata meno kidogo, na inawaka zaidi. Kweli inawaka zaidi: ni wati 65. Lakini H11 ina rangi nyeusi kwenye ncha ya kioo kuzuia mwanga wa mbele, H9 haina. Matokeo yake ni mwanga unaoruka ovyo machoni mwa wenzako.

Nimeambiwa niweke H4 ya 100/90 ili nione vizuri. Niweke?

Hapana, isipokuwa umebadilisha waya na soketi. Hesabu ni rahisi: wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5 kwa balbu, ampea 10 kwa mbili. Wati 100 ni ampea 8.3, yaani karibu 17 kwa mbili. Waya wa kiwandani, swichi ya usukani na soketi ya nyuma ya balbu havikupangiwa mzigo huo. Kinachoanza kuharibika ni soketi: plastiki inakuwa kahawia, kisha inalainika, miguu inalegea, na kulegea kunaleta joto zaidi. Baada ya hapo rifrekta ya plastiki inababuka juu ya balbu, mng'ao unakufa, na hakuna balbu itakayoirudisha.

Kuna mkanganyiko mmoja wa kuujua. Baadhi ya pakiti za Japani huandika kwa herufi kubwa "130/120W", halafu kwa herufi ndogo 60/55W. Namba kubwa ni madai kwamba mwanga wake ni sawa na wa balbu ya wati hizo. Umeme inaokula ni 60/55. Hiyo ni salama kwa waya. Soma kitako, achana na boksi.

Na zile zilizoandikwa "+100%" au "+150%"?

Ni halojeni za wati zilezile 55, ila uzi wake umesukwa kwa kubana zaidi na gesi ndani ni tofauti, hivyo mwanga unakusanyika vizuri barabarani. Asilimia hiyo inapimwa sehemu fulani ya mwanga ikilinganishwa na kiwango cha chini cha sheria. Haimaanishi mwanga wote umeongezeka mara mbili na nusu. Zinasaidia kweli, lakini zinaishi muda mfupi. Anayesafiri usiku mara mbili kwa mwezi atafurahi nazo. Dereva wa teksi anayewasha taa kila siku atachoka kuzinunua. Kwake ile ya maisha marefu ndiyo yenye akili.

Nikiweka LED badala ya halojeni?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko mengine, na jibu linategemea taa yako zaidi ya balbu yenyewe.

Uzi wa halojeni unatoa mwanga pande zote, kama mshumaa mdogo. LED ni vipande bapa vinavyotoa mwanga kushoto na kulia tu. Ili ifanye kazi ndani ya rifrekta ya halojeni, vipande hivyo lazima viwe vyembamba kama uzi, vikae palepale ulipokaa uzi, na viangalie pembeni. LED nyingi za bei ya chini zina ubao mnene, kwa hiyo mwanga wake hauna ule mstari wa juu unaoukata usipande. Dereva anaona mwanga mweupe mwingi mbele ya bampa, anadhani ameona mbali. Kwa kweli mwanga mkali wa karibu hukaza mboni ya jicho, na kule mbali mita 60 ambako mbuzi anavuka unaona kidogo kuliko zamani.

Ukiamua kuweka hata hivyo, fanya jaribio hili kabla ya kulipa. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, upande mmoja halojeni yako, upande wa pili LED, dimu. Ukiona mstari wa LED uko wazi na uko kimo kilekile na wa halojeni, una bahati. Ukiona wingu la mwanga juu ya mstari, irudishe. Kama balbu ina pete inayozunguka, igeuze hadi vipande viangalie saa tatu na saa tisa. Kosa la pete hii peke yake huharibu LED nzuri.

Kingine ni H4 za Toyota nyingi za Japani, ambazo swichi yake hukata upande wa hasi badala ya chanya. LED isiyotengenezwa kwa mfumo huo haitawaka kabisa, au itawaka fuli tu. Feni ya nyuma nayo inahitaji nafasi: mfuniko wa vumbi usipofunga, vumbi na maji vitaingia ndani ya taa. Na redio ikianza kukoroma ukiwasha taa, chanzo ni saketi ya LED hiyo.

Nchi nyingi za Ulaya haziruhusu LED ndani ya taa ya halojeni barabarani isipokuwa balbu chache zilizoidhinishwa kwa modeli zilizotajwa. Ujerumani iliidhinisha ya kwanza mwaka 2020, baada ya kupimwa taa kwa taa.

Gari langu lina zenoni. Natakiwa kujua nini?

Zenoni ya kiwandani haina uzi. Inawashwa na balasti, kifaa kinachopandisha umeme, kwa msukumo wa zaidi ya volti 20,000, kwa hiyo zima taa, toa ufunguo, chomoa fyuzi, ndipo uguse. Ni wati 35 na inatoa mwanga karibu mara mbili ya H7.

Soma namba kwa makini: D2S, D2R, D4S, D4R. S ni ya taa yenye lenzi ya mviringo, R ni ya taa ya rifrekta na ina rangi imepakwa kwenye kioo kuzuia mwanga upande mmoja. D2 na D4 hazibadilishani hata kama fundi amefanikiwa kuilazimisha iingie: D2 hufanya kazi kwa volti 85, D4 kwa volti 42 na haina zebaki. Balasti ya moja haiwezi nyingine.

Zenoni haifi ghafla kama halojeni. Inaanza kugeuka pinki au zambarau, inachelewa kuwaka, au inazima barabarani na kuwaka ukizima na kuwasha tena. Kabla ya kununua, badilishana balbu za kulia na kushoto. Tatizo likihama pamoja na balbu, balbu imechoka; likibaki pale pale, ni balasti. Na zinunuliwe mbili, maana mpya na ya zamani hazifanani rangi.

Nyeupe, bluu au ya njano: ipi inaona vizuri?

Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini. Halojeni ya kawaida ni kama Kelvini 3,200, zenoni ya kiwandani kama 4,300. Juu ya 6,000 ni bluu, na jicho linachoka, hasa mvua ikinyesha kwenye lami nyeusi. Halojeni ya bluu ni ya kawaida iliyopakwa rangi inayomeza sehemu ya mwanga. Unalipa zaidi upate pungufu.

Balbu zangu zinaungua kila baada ya wiki chache. Kwa nini?

Anza na kipimo. Washa gari, ongeza mzunguko kidogo, pima betri kwa mita. Volti 13.8 hadi 14.5 ni sawa. Ikizidi 14.8, tatizo liko kwenye altaneta. Volti ikipanda asilimia 5 tu, maisha ya balbu ya halojeni hupungua karibu nusu, kwa hiyo unaweza kununua balbu mwaka mzima bila kugusa ugonjwa wenyewe.

Kisha iangalie iliyokufa, maana inasema kilichoiua. Kioo kimekuwa cheupe kama maziwa ndani: hewa iliingia, kuna ufa au kilipasuka kidogo kwa tone la maji. Kioo kimekuwa cheusi chenye kung'aa: uzi umezeeka, ilikuwa siku yake. Kioo kimevimba sehemu moja: kiliguswa kwa mkono wenye mafuta. Uzi umekatika lakini kioo ni safi kabisa na balbu ni mpya: mtikisiko. Barabara za vumbi zenye makunyanzi huua nyuzi, zaidi kama klipu ya balbu imelegea au taa yenyewe imevunjika mguu mmoja na inacheza.

Zikizima dimu zote mbili kwa pamoja, usinunue balbu bado. Kagua fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na swichi yenyewe kwanza.

Nimeweka balbu mpya, nzuri, bado mwanga ni hafifu.

Basi tatizo si balbu. Sehemu ya kwanza ni kioo cha nje. Plastiki ya taa hugeuka njano kwa jua, na hapo hata balbu ya bei gani itawaka ndani ya ukungu. Piga msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, ung'arishe, halafu upake varnishi inayozuia miale ya jua. Bila varnishi hiyo njano itarudi baada ya miezi. Dawa ya meno inang'arisha kwa wiki chache tu.

Sehemu ya pili ni umeme unaopotea njiani. Gari likiwaka na dimu zikiwa zimewashwa, pima volti kwenye miguu ya balbu yenyewe, kwa kuingiza ncha za mita nyuma ya soketi. Linganisha na betri. Tofauti ya zaidi ya volti 0.7 ni kubwa. Volti 1 ikipotea, karibu robo ya mwanga imekwenda. Mara nyingi mkosaji ni waya wa ethi (wa hasi) uliofungwa kwenye bodi: fungua nati, kwangua kutu hadi chuma king'ae, paka grisi kidogo, kaza. Kama bado, weka rilei mbili za ampea 30, moja ya dimu na moja ya fuli, waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka betri, na fyuzi ya ampea 15 kwa kila rilei karibu na betri. Kazi hii kwenye gari la zamani inaleta tofauti kuliko balbu yoyote.

Jinsi ya kubadilisha H4 bila kumwita fundi?

Zima taa, toa ufunguo, subiri dakika 10. Balbu ya halojeni iliyotoka kuwaka inachoma kweli.

Fungua boneti, tafuta plagi ya miguu mitatu nyuma ya taa. Ivute moja kwa moja nyuma huku ukiiyumbisha kidogo, usivute waya. Angalia rangi ya plastiki yake. Kahawia au iliyopinda maana yake badilisha na plagi. Kisha vua mpira mweusi wa vumbi kwa vile vishikio vyake. Chini yake kuna klipu ya waya: isukume mbele, isogeze pembeni, iachie. Usiivute kuelekea kwako, huo ndio mwanzo wa klipu kuvunjika au kurukia chini ya betri.

Sasa balbu inatoka. Kitako chake cha duara kina meno matatu, moja ni pana na hukaa juu. Shika mpya kwenye chuma tu, jino pana juu, iingize hadi ikae bapa bila kucheza. Ikiinama hata kidogo, itoe, anza tena. Funga klipu, rudisha mpira hadi miguu yote mitatu ichomoze sawasawa, chomeka plagi. Jaribu dimu na fuli kabla hujafunga boneti.

Mpira usiachwe nje kwa uvivu. Tone moja la maji juu ya kioo chenye joto linatosha kukipasua.

Nimegusa kioo kwa kidole. Niitupe?

Hapana. Ifute kwa kitambaa safi kilicholowa spiriti, iache ikauke, iweke.

Taa ndogo za mbele zinatumia nini, na naweza kuweka LED?

Nyingi ni W5W ya wati 5, ile ya kioo kitupu ambayo maduka yanaiita T10. Baadhi ya magari ya zamani yana T4W yenye kitako cha chuma. Kutoa W5W iliyoganda, usiibane kwa koleo, kioo kitapasukia mkononi. Ivishe kipande cha bomba la mpira jembamba, ivute moja kwa moja.

LED hapa ni sawa kabisa, kwa kuwa taa ndogo haielekezi mwanga. Ila ina mambo matatu. Isipowaka, igeuze nusu mzunguko: LED ina chanya na hasi. Pili, zile ndefu zenye vipande vingi hazipiti kwenye tundu, au zinapita na kudondokea ndani ya taa, na kuitoa ni kufungua taa nzima. Tatu, iko jirani na H4 yenye joto kali, kwa hiyo ya bei ya chini huanza kumemeta baada ya mwezi. Mbele iwe nyeupe. Bluu na nyekundu ziache kwa wenyewe.

Nyuma: nikikanyaga breki, taa ndogo au indiketa nayo inawaka. Kuna nini?

Kwanza, ethi ya taa ya nyuma: ikilegea, umeme unatafuta njia kupitia balbu jirani. Pili, balbu. Taa nyingi za nyuma hutumia P21/5W yenye nyuzi mbili, wati 21 ya breki na wati 5 ya taa ndogo, na pini zake mbili za pembeni haziko kimo kimoja. Mtu akilazimisha P21W ya uzi mmoja humo, kitako chake kinaunganisha sehemu mbili na taa zinachanganyikiwa. Indiketa yenye kioo cheupe inataka PY21W ya rangi ya chungwa, ambayo pini zake hazitazamani sawasawa, makusudi, isije ikawekwa nyingine.

Ukiweka LED nyuma ya kioo chekundu, chagua LED nyekundu. Nyeupe hutoka pinki na hafifu.

Indiketa inapepesa haraka baada ya kuweka LED.

Flasha, kifaa kinachoipepesa indiketa, inadhani balbu imeungua. Badilisha flasha iwe ya LED. Kizuizi cha umeme (rezista) cha omu 6 nacho hufanya kazi, lakini kikiwaka kinapata joto la wati 30 hivi. Kifungwe kwenye chuma, mbali na waya na plastiki.

Baada ya kubadilisha nielekezeje taa?

Matairi yawe na upepo sahihi, dereva amekaa ndani, kile kigurudumu cha kimo cha taa kwenye dashibodi kiwe sifuri, sakafu tambarare. Pima kimo cha katikati ya balbu kutoka chini. Simama mita 5 kutoka ukutani: mstari wa juu wa dimu uwe sentimita 5 hadi 6.5 chini ya kimo hicho. Skrubu ya kimo iko nyuma ya taa. Zungusha kidogo kidogo.

Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto kama Japani, kwa hiyo mstari wa dimu hupanda upande wa kushoto. Burundi, Rwanda na Kongo wanaendesha kulia, na gari la Japani kule linampiga mwenzake machoni. Hakuna balbu inayotibu hilo. Inatakiwa taa ya upande sahihi, au kwa safari ya siku chache, kipande cha utepe mweusi kwenye sehemu ya kioo inayorusha mwanga kushoto.

Nitatambuaje feki?

Balbu iliyoidhinishwa ina herufi E ndani ya duara na namba ya nchi, kwa mfano E1 ya Ujerumani, E2 ya Ufaransa, E4 ya Uholanzi, na chapa yake haifutiki kwa kucha. Tazama uzi ukielekeza balbu kwenye mwanga: uwe umenyooka, katikati, haukuinama. Kwenye H4, kikombe kiwe kimekaa sawa chini ya uzi. Iliyoinama hurusha mwanga juu hata ukielekeza taa vipi, na kosa hilo linaonekana dukani kabla ya kulipa. Gerezani Kariakoo jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakataa uijaribu kwenye betri.

Balbu za lori la volti 24 zinaingia kwenye gari dogo?

Zinaingia. H4 ya volti 24 ni 75/70, kitako kilekile. Kwenye volti 12 itawaka nyekundu kama kaa la mkaa. Ya volti 12 ikiwekwa kwenye lori inakufa papo hapo.

Spea gani zikae kwenye gari?

Balbu moja ya dimu ya aina yako, W5W mbili, P21/5W moja, fyuzi za ampea 10 na 15, na glavu za pamba. Zifunge kwenye soksi, ziweke mahali ambapo jeki haitaziangukia.